Hivi "huduma ya uzazi ni bure" inaanzia wapi na inaishia wapi? Nimepewa karatasi ya vitu 14

#1 Baba Kulwa Mtarajiwa
Wadau habari za jioni. Wife yuko wiki ya 36, jana kaenda kliniki karudi na karatasi. Nimeisoma nikadhani mtoto anapelekwa bweni kidato cha kwanza. Glavu pea sita, pamba rola kubwa, mpira wa kulalia mita mbili, nyembe, nyuzi, vibana kitovu, mabomba ya sindano kumi, dripu na mipira yake, ndoo, dawa ya madoa, doti mbili za khanga... nimehesabu vitu 14. Famasi ya hapo getini wananiambia elfu 38, bado ndoo na khanga.

Sasa ukutani palepale kliniki kuna bango kubwa, huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano ni BURE. Wife anasema kakaa chini ya hilo bango akisubiri kuandikiwa hiyo karatasi, kacheka mwenyewe mpaka mama wa pembeni akamuuliza dada kuna nini.

Sigomi kununua, nitanunua, na ugomvi na manesi sina. Nauliza tu. Kila siku redioni watu wanatoana macho kuhusu uzazi, mara uzazi wa mpango ni dhambi, mara wanafunzi wenye mimba, mara kutoa mimba. Wabunge, mashekhe, maaskofu, mashirika, kila mtu ana neno juu ya tumbo la mke wangu. Mbona kwenye hizi glavu pea sita simsikii hata mmoja?

#2 Kishoka wa Buza
Ngoja waje. Nimekaa paleee na kahawa na kashata.

#3 Mama Doricas
Hongera baba mtarajiwa. Vitu 14 ni vichache mbona, mimi wa mwisho nilipewa 17 na wa 17 ulikuwa "simu yenye tochi", kumbe umeme unakatika na sola imekufa. Nikajifungua usiku ananimulika mama mkwe, mkono unamtetemeka, mara taa iko ukutani mara iko usoni kwangu, nesi anamwambia mama shusha chini huko ndiko kwenye kazi. Sasa hivi tunacheka, siku ile haikuchekesha.

Kujibu swali lako: bure ni kumuona nesi. Alichoshika nesi ni cha kwako.

#4 Chawa Pro Max
Watanzania hamna shukrani. Vifo vya wajawazito vimetoka 556 mpaka 104 kwa kila vizazi hai laki moja, Februari 2025 Rais mama Samia kapewa tuzo na Gates Foundation dunia nzima inaona, vituo vya afya vimejengwa mpaka vijijini, kuna m-mama unapiga 115 gari linakuja bila hata mia. Mtu analeta uzi wa glavu.

#5 Takwimu Baridi
Chawa hapo #4 umesema kweli ila nusu. 556 ni utafiti wa 2015-16, 104 ni wa 2022, zote ni za Watanzania wenyewe. Ila makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Njia za kupima ni tofauti, na hata ile 556 ilikuwa na ukingo mpana wa makosa, inaweza kuwa ilikaa juu kidogo kuliko hali halisi. Kwamba vifo vimeshuka hakuna anayebisha, mpaka wapi ndio kuna ubishi.

Na wanaojifungulia kwenye vituo wametoka asilimia 63 mpaka 81. Hapo ndipo uzi wa jamaa unapoingia, maana watu wengi zaidi wanakwenda leba na glavu zinazohitajika ni nyingi zaidi. Nani amezilipia?

#6 Nesi Mstaafu
Wanangu nisikilizeni nimefanya kazi leba miaka 31, zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, nimestaafu juzijuzi.

Tulianza na matibabu ya bure kweli, miaka ya 90 ikaja uchangiaji, mgonjwa analipa. Wakasema wasiachwe masikini, basi wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasamehewe. Msamaha ukaandikwa, na sera ya afya ya 2007 nayo ikaukazia. Sasa jiulizeni, kwenye zahanati ya kijijini wanaokuja kila siku ni kina nani? Ni haohao! Mjamzito, mtoto, mzee. Yaani unamsamehe karibu kila anayeingia mlangoni, halafu unaambiwa kituo kijiendeshe kwa makusanyo. Makusanyo kutoka kwa nani, kijana mmoja mwenye jipu?

Kituo kinaagiza MSD, yaani bohari ya dawa ya serikali, kwa salio lake. Ukizalisha mama bure glavu zimetumika, oksitosini imetumika, dripu imetumika, na hakuna anayekurudishia. Mwezi wa pili salio limekwisha. Mganga mfawidhi anakaa na sisi, tunafanyaje? Ndio tunaandika karatasi. Karatasi haikuandikwa na mtu mbaya, imeandikwa na mtu aliyewahi kupokea mtoto kwa mifuko ya nailoni mikononi. Mimi nimepokea hivyo, mara mbili.

#7 Kishoka wa Buza
Nesi mstaafu heshima yako mama. Ila na ile "ya soda" nayo ilikuwa inaagizwa MSD?

#8 Nesi Mstaafu
Kishoka mwanangu soda nilikunywa sikatai, ila nilikuwa naletewa baada ya mtoto kulia siyo kabla. Wapo waliokuwa wanaitaka kabla na hao mimi siwatetei.

#9 Mgosi wa Milimani
Nesi ameeleza vizuri ila mimi naona mnawapamba. Shida ni rushwa full stop. Dada yangu alifikia kisu, nikaambiwa pembeni kwenye korido laki na nusu ya "vifaa vya theatre". Nikasema sawa naomba kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, nilipe kwa simu. Yule bwana akaniangalia, akasema subiri kidogo, akaingia ndani. Hakurudi. Upasuaji ukafanyika, mama na mtoto wakatoka salama, hatukudaiwa hata shilingi. Sasa nielezeni, vifaa vilikuwepo au havikuwepo?

Tangu siku hiyo mimi kila mtu namwambia, ukiombwa hela hospitali neno lako ni moja tu, KONTROL NAMBA.

#10 Mama Doricas
Mgosi hiyo inafanya kazi kama wewe ni mwanaume umesimama koridoni umevaa viatu. Mimi niliye kitandani njia imefunguka sentimita nane nidai kontrol namba? Nitadai hata kichwa changu nikipewe.

#11 Mwanasheria Kanjanja
Mnazungumza rushwa na MSD mnaacha kiini. "Bure" iliyoandikwa kwenye bango ni SERA. Sera siyo sheria. Sheria ukivunjiwa unakwenda mahakamani, sera ukivunjiwa unakwenda kununua glavu. Katiba yetu ya 1977 haina kifungu kinachosema afya ya uzazi ni haki unayoweza kuidai.

Linganisha na Kenya. Katiba yao ya 2010 ibara ya 43 inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya ikiwemo afya ya uzazi, imeandikwa hivyo. Na kinamama wameitumia. 2015 mahakama kuu ilisema ni makosa kumzuia mama hospitalini kwa sababu hajalipa deni la uzazi. 2018 mama mwingine aliyejifungulia sakafuni Bungoma akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Hapa kwetu ukijifungulia sakafuni unapewa pole.

#12 Wa Gikomba
Niaje majirani. Sasa mnatusifu hadi naona aibu. Kushinda kesi ni sawa lakini huwezi beba judgement uende nayo maternity.

Sisi tulianza vizuri, Juni 2013 rais Uhuru Kenyatta akasema maternity zote za serikali ni free. Baadaye ikaitwa Linda Mama ikaingia NHIF, bima ya afya ya taifa, ulikuwa unaenda na kitambulisho tu unasajiliwa, hulipi chochote. Hiyo kitu ilikuwa poa, watu waliilia. Oktoba 2024 NHIF ikafa ikaja SHA, bima mpya. Linda Mama wakasema imekuwa Linda Jamii, jina tamu, lakini sasa lazima uwe umelipa SHA. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Mama mboga hana payslip, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi lakini anaitishwa ya mwaka mzima mara moja. Bibi yangu alijifungua Novemba, system ilikuwa down siku tatu, tukalipa cash.

#13 Kishoka wa Buza
Wa Gikomba pole sana, ila bibi yako kajifungua? Ana miaka mingapi huyo bibi? Na babu anasemaje?

#14 Wa Gikomba
😂😂 Mke wangu basi. Watz mna shida. Huku bibi ni mke, nyanya ni bibi.

#15 Kishoka wa Buza
Na nyanya ya mchuzi mnaitaje?

#16 Mwinyi wa Mkunazini
Turudini kwenye mada. Wazenji tunaambiwa matibabu bure tangu Mapinduzi, na bure ile ikawa hivyohivyo, ukienda unaandikiwa ukanunue dukani.

Lakini mleta uzi aliuliza jambo la pili watu wamelipita, kwa nini wakubwa wanagombea tumbo hawagombei glavu. Mimi nitawapa kisa cha kwetu. 1985 ilitungwa sheria Zanzibar, mwanamke asiye na mume akishika mimba anafungwa, mpaka miaka miwili. Yeye. Aliyempa mimba unaweza kumkuta barazani anacheza bao. Sheria ile ikakaa mpaka 2005 ndipo ikabadilishwa. Miaka 20 hiyo ilionekana ni rahisi kumpeleka mja mzito gerezani Kilimani kuliko kumpeleka hospitali, kwa sababu sheria haihitaji bajeti. Kuandika "marufuku" ni kalamu na karatasi tu. Glavu lazima meli ije nazo.

#17 Baba Kulwa Mtarajiwa
Mwinyi hapo umenipa kitu. Nimesoma mara mbili.

#18 Ustadhi Kipara
Assalam aleykum. Mimi nasema wazi, hawa wanaotuletea "haki za uzazi" lengo lao si kumsaidia mama, lengo ni tupungue. Vidonge, sindano na vijiti vimejaa mpaka kijijini bure kabisa, lakini panadoli hamna. Kwa nini cha kuzuia mtoto ni bure na cha kumzaa mtoto tunanunua? Kila mwenye akili ajiulize. Marehemu rais Magufuli aliliona hili akasema.

#19 Sauda wa Tandika
Waaleykum salaam ustadhi. Swali lako la vidonge na panadoli ni zuri kweli, nitalirudia. Ila la marehemu tuliweke sawa.

2016 elimu bure ilipoanza alisema wanawake watupe vidonge sasa maana ada hamna. Septemba 2018 akiwa Meatu akasema wanaopanga uzazi ni wavivu, hawataki kufanya kazi walishe familia kubwa. Mwezi uleule wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye TV. Na mwaka mmoja nyuma yake, Juni 2017, alishasema mwanafunzi akipata mimba asirudi shule, na hawakurudi mpaka Novemba 2021 aliyekuwa waziri wa elimu Ndalichako alipotangaza warudi.

Mimi 2018 nilikuwa na miaka 20 nina mtoto mmoja. Hakuna aliyefunga duka la dawa. Ila mume wangu siku zile alinitolea kadi yangu ya kliniki mbele ya ndugu zake akaniambia hata rais kasema. Ndio nikampata mtoto wangu wa pili, nampenda, anaitwa jina la mama yangu. Lakini msiniambie maneno ya jukwaani hayaingii chumbani.

#20 Takwimu Baridi
Sauda pole. Kwa faida ya wote, wanawake walio kwenye ndoa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 kwenye utafiti wa 2015-16, na 31 kwenye wa 2022. Miaka ya nyuma ilikuwa inapanda, ikagoma hapo.

Je ni yale maneno? Sijui mtu angepimaje. Wengine wanasema ni wafadhili kupunguza, wengine ni korona watu waliogopa kwenda vituoni, wengine ni wanawake kuchoka na maudhi ya sindano.

#21 Sukuma Gang Original
Nilijua tu mtamtaja JPM. Mnasahau hospitali 67 za wilaya alijenga nani? Wanawake walikuwa wanasafirishwa kwa machela kwenda wilaya ya jirani, leo wilaya ina hospitali yake. Mzee alikuwa na msimamo wake kwenye kuzaa, ni mkulima yule, kwetu watoto ni nguvu kazi. Lakini leba ALIJENGA. Mtu aliyejenga leba ndiye mnamuita adui wa uzazi?

#22 Sauda wa Tandika
Sukuma Gang sijamuita adui. Kajenga, nimejifungulia mojawapo. Nilikwenda na ndoo yangu.

#23 Kishoka wa Buza
"Nilikwenda na ndoo yangu" 🙌🙌 uzi ufungwe.

#24 Sauda wa Tandika
Usifungwe bado nina la vijiti. Ustadhi anasema ni bure. Kuweka ni bure ndiyo. KUTOA je? Mwaka wa pili kilinitesa, hedhi haikatiki, nikaenda kitolewe, nikaambiwa vifaa vya kutolea hamna, nenda ya binafsi. Ya binafsi elfu 15. Nikakaa nacho miezi minne natafuta elfu 15 damu inatoka. Kwa hiyo ustadhi wewe unaona njama ya kutupunguza, mimi naona kila mtu anapenda kuhesabiwa ameweka vijiti vingapi, hakuna anayehesabiwa ametoa vingapi.

#25 Ustadhi Kipara
Dada Sauda hilo la kutoa sikulijua. Ni dhulma. Nabaki na msimamo wangu wa njama lakini hilo ni dhulma.

#26 Nesi Mstaafu
Sauda kasema kweli tupu. Na nimjibu ustadhi la panadoli. Siyo njama, ni mifuko miwili. Dawa za uzazi wa mpango kwa miaka mingi zimeletwa na wafadhili, Marekani wakiwa wa mbele, zina njia yake, ripoti yake, mtu wa kuzifuatilia. Panadoli na glavu zinategemea lile salio la kituo nililowaambia #6. Cha mfadhili hakikosekani na cha kwetu kinakosekana. Ndio maana ukiingia stoo unakuta boksi la vijiti halina hata vumbi na rafu ya glavu tupu.

#27 Dada wa Houston
Hamjambo wa nyumbani. Nesi, hiyo ya wafadhili ilikuwa zamani. Januari 20, 2025 Trump kasimamisha misaada, siku nne baadaye karudisha ile amri ya kwamba shirika la nje likipokea hela ya Marekani lisiguse kabisa mambo ya kutoa mimba, hata kushauri, hata kwa hela yake lenyewe. Hiyo kitu ilianza 1984 enzi za Reagan, akija Mrepublikani inarudi, akija Mdemokrati inafutwa, kama taa ya bajaji. Kwa hiyo uchaguzi wa Ohio na Pennsylvania ndio unaamua kliniki ya Sengerema itakuwa na sindano au la.

Na msidhani huku ni peponi. Nipo Texas. Juni 2022 mahakama kuu ya nchi ilifuta ile hukumu ya 1973 iliyoruhusu kutoa mimba nchi nzima, na Texas ikafunga karibu kabisa, daktari anaogopa kifungo hata mimba ikiharibika yenyewe. Jimbo hilihili limekataa kupanua Medicaid, bima ya serikali, kwa watu wazima wa kipato cha chini. Yaani zaa ni lazima, bima tafuta mwenyewe. Nilipojifungua nilikuwa na bima ya kazini na bado nilibaki nadaiwa dola elfu tatu na ushee. Mleta uzi elfu 38 yako nimeigeuza kwa dola nimenyamaza.

#28 Kishoka wa Buza
Dada wa Houston wewe unadaiwa kwa dola ila unalipwa kwa dola pia, tusionewe huruma kwa kubadilisha sarafu.

#29 Dada wa Houston
Kishoka nalipwa kwa dola na ninatumiwa meseji za "dada hujambo, tumepata shida kidogo" pia kwa dola. Jana binamu ameomba hela ya vifaa vya kujifungulia. Kumbe ni karatasi hiihii!

#30 Mwanasheria Kanjanja
Kwa kuwa Houston kaligusa la kutoa mimba. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 150 anayemtoa mwanamke mimba miaka 14, 151 mwanamke mwenyewe miaka 7, 152 anayetoa dawa au vifaa miaka 3. Ni sheria ya Mwingereza tumeirithi na vumbi lake. Tanzania ni marufuku kabisa.

#31 Nesi Mstaafu
Kanjanja si "kabisa". Usitishe watoto wa watu.

#32 Mwanasheria Kanjanja
Nimesahihishwa. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Na 2007 tuliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo ibara ya 14 inakwenda mbali zaidi, inaruhusu hata kwa ubakaji, maharimu, afya ya mama. Tumeridhia lakini hatujaiingiza kwenye sheria zetu, kwa hiyo iko kama kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha. Wakenya wao waliridhia 2010 ila wakasema kipengele hicho hatukitaki.

#33 Wa Gikomba
Confirmed. Na bado katiba yetu 26(4) inaruhusu kama maisha au afya ya mama iko hatarini, mtaalamu akisema. 2019 High Court ikasema wizara ilikosea kuondoa ile miongozo ya madaktari, na Machi 2022 ya Malindi ikaenda mbali zaidi, hiyo ikakatiwa rufaa. Kwa ground sasa? Daktari hajui afuate nini, anaogopa polisi. Kisha kulikuwa na mswada wa Susan Kihika kwa senate, ulikuwa na mambo mengi, surrogacy yaani kubebewa mimba, wanandoa wasiopata watoto, nini nini. Makanisa yakaja juu, mjadala wote ukashikwa na abortion tu, hadi leo kimya. Mwenye alikuwa anangoja hizo zingine akaangukia hapo.

#34 Nesi Mstaafu
Niongeze moja halafu nikalale. Mimba ikiharibika, iwe yenyewe iwe imechokonolewa, kumsafisha mama ni huduma halali na vituo vinapaswa kuitoa. Sikuwa nauliza maswali ya kipolisi mimi, nilikuwa nauliza damu imeanza lini. Lakini wasichana wanakuja siku ya nne wananuka, wamejificha kwa kuogopa kufungwa. Wengine walikuwa wamekunywa majivu, majani ya chai makali, sabuni. Mmoja nilimshika mkono mpaka asubuhi. Mwenye hela yule anakwenda kliniki ya uchochoroni ya daktari kabisa, anarudi ofisini Jumatatu. Kwa hiyo sheria ni moja lakini bei ni mbili.

#35 Mama Doricas
Nesi 😢 Mungu akupe maisha marefu.

#36 Chawa Pro Max
Mmeongea yote hamjasema suluhisho lipo. Bima ya afya kwa wote, sheria imepitishwa 2023. Ikimfikia kila mtu karatasi hizi zitakwisha.

#37 Mgosi wa Milimani
Ikimfikia. Neno langu nalipenda hilo, ikimfikia. Toto Afya Kadi ilikuwa elfu 50 na mia nne kwa mwaka mzazi unamkatia mtoto mmoja unayetaka, 2023 wakabadilisha utaratibu, watoto wangu wakakaa nje. Bima ikifanya kazi tunaitoa, ndio kawaida yetu.

#38 Takwimu Baridi
Mgosi, upande wao walisema watu walikuwa wanamkatia mtoto baada ya kuugua, mfuko unaelemewa. Bima ya hiari ina tatizo hilo, mzima hakati. Ndio maana wanataka ya lazima. Ila ya lazima inarudi kwa mama mboga wa Wa Gikomba, unamlazimishaje asiye na kipato. Na nchi za Afrika zilikubaliana Abuja 2001 kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya, hatujafika. Mimi nadhani jibu liko hapo zaidi kuliko kwenye bima.

#39 Mgosi wa Milimani
Ukiweka asilimia 15 bila kontrol namba umeweka asilimia 15 kwenye korido.

#40 Mama Doricas
Swali la pembeni, mleta uzi jina lako Baba KULWA mtarajiwa, kwani picha imeonyesha mapacha? Maana kama ni mapacha hiyo karatasi ni mara mbili, vitu 28.

#41 Baba Kulwa Mtarajiwa
Mama Doricas usiniloge. Ni mmoja. Jina nilijipa kwa kupenda tu, kwetu mapacha ni baraka. Vibana kitovu nimeongeza kimoja lakini, kwa usalama.

#42 Kishoka wa Buza
Mwenye uzi vipi, zimepita wiki tatu kimya.

#43 Baba Kulwa Mtarajiwa
Samahanini wadau, sikuwa na bando wala usingizi. Amejifungua Alhamisi alfajiri, wa kike, kilo 3.2, mmoja kama nilivyosema. Tulipiga 115, gari lilikuja ndani ya dakika 40, bila hela kweli, Chawa nakupa hiyo. Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo, mpole, hakuomba hata soda.

Ila sikilizeni. Nimefika na furushi langu, binti kalifungua, katoa glavu pea nne na pamba na mpira wa kulalia, nyingine kasema baba hizi weka, tulipokea mzigo wiki iliyopita. Nikamuuliza sasa mbona karatasi bado mnaandika? Akasema tukiacha kuandika, siku mzigo ukiisha mtakuja mikono mitupu. Sikujua nimjibu nini. Pembeni kulikuwa na mama mwingine kaja bila kitu, katumia pea zangu mbili zilizobaki, sijui kama ningeulizwa ningekataa.

Nimerudi nyumbani na nyembe, nyuzi, vibana viwili, mabomba sita na dripu moja haijaguswa.

#44 Mgosi wa Milimani
Hongera sana. Famasi warudishie.

#45 Baba Kulwa Mtarajiwa
Nimejaribu, hawapokei.

#46 Sauda wa Tandika
Hongera baba Kulwa! Usitupe. Mdogo wangu yuko huko Kanda ya Ziwa anajifungua mwezi ujao, juzi kapewa karatasi ya vitu 15. Uko upande gani, nakuja PM.